Kioo cha Kompyuta kwa Mfanyakazi wa Picha: Tuchague Kipi?



Katika mikutano yetu hapa Kampala, hasa upande wa Nasser Road na Nkrumah Road ambako kazi ya uchapaji imejazana mlango kwa mlango, limekuwa likirudi lalamiko moja. Mfanyakazi anatengeneza picha za harusi kwenye kompyuta. Anaziona nzuri, uso wa bibi harusi unang'aa, anazipeleka zikachapwe. Zinarudi nyeusi kana kwamba zilipigwa magharibi. Mteja anazikataa. Tajiri anasema karatasi na wino havitoki mbinguni, na mwisho wa mwezi gharama inakatwa katika mshahara. Juu ya hayo mfanyakazi anaulizwa mbele ya wateja, "Wewe huna macho?"

Macho anayo. Mara nyingi kinachosema uongo ni kioo alichopewa, ambacho tajiri alikinunua kwa kutazama bei peke yake. Na kwa kuwa mfanyakazi hajui kueleza ubovu wa kioo, hana la kujibu, analipa. Ndiyo maana tumeona yafaa kueleza katika ukurasa huu namna kioo cha kompyuta, au monita kama wauzaji wanavyokiita, kinavyochaguliwa kwa kazi ya picha.

Niseme mapema kwamba mimi si fundi wa kompyuta. Shule yangu iliishia darasa la saba na kazi yangu ni ya chama. Haya nimeyapata kwa kukaa na wenzetu wanaoifanya kazi hiyo mchana na usiku, na kwa kusoma yale makaratasi yanayokuja ndani ya boksi, ambayo watu wengi huyatupa pamoja na maboya ya kufungia.

KWA NINI PICHA HUTOKA NYEUSI

Mwanga wa kioo hupimwa kwa kandela kwa kila mita moja ya mraba. Kioo kipya kikitolewa kwenye boksi huwa kimewekwa katika mwanga mkali, 250 au 300 na pengine zaidi, kwa sababu dukani kioo kinachong'aa ndicho kinachomvuta mnunuzi. Lakini picha ya karatasi haina taa ndani yake. Huonekana kwa mwanga wa chumba tu. Kwa sababu hiyo wenye ujuzi wa picha za kuchapwa hukiweka kioo chao kati ya kandela 80 na 120.

Sasa tazama yanayotokea. Mfanyakazi aliyekaa mbele ya kioo chenye mwanga wa 300 anaona picha yake imezidi mwanga. Anaipunguza mpaka imkae vizuri machoni. Mashine ya kuchapa haijui habari za kioo chake. Yenyewe inatii alivyopunguza, na picha inatoka nyeusi. Hapo hakuna mzembe. Mtu amefanya kazi sawasawa kwa kufuata kipimo kibovu, kama seremala aliyepewa futi iliyokatika ncha.

Kwa hiyo jambo la kwanza halina gharama yoyote, nalo lifanywe hata leo. Chukua picha moja iliyochapwa vizuri na karatasi moja nyeupe ya kuchapia picha. Viweke kando ya kioo chini ya taa nyeupe. Fungua ukurasa mtupu mweupe kwenye kompyuta, kisha punguza mwanga wa kioo kidogo kidogo mpaka weupe wake ukaribiane na weupe wa karatasi. Wengi wakifanya hivi mara ya kwanza husema kioo kimekuwa giza. Wavumilie siku mbili tatu, macho yatazoea, na picha zitaacha kurudi.

Zimeni pia ile mipango ya kioo kujiongezea na kujipunguzia mwanga chenyewe, ile ya kuokoa umeme, na ile inayoitwa ya sinema au ya michezo. Yote hiyo hubadili rangi wakati mfanyakazi anatengeneza rangi.

USO NA KANZU

Lakini kuna vioo ambavyo hata ukivipunguza mwanga havifai, na hapa ndipo penye uchaguzi wenyewe.

Fikirini picha ya kawaida ya kwanjula. Bwana amevaa kanzu nyeupe yenye nakshi kifuani na koti juu yake, uso wake ni mweusi, na kando yake dada amevaa gomesi ya rangi kali, kijani au zambarau inayometameta. Katika picha hiyo moja mna weupe mkubwa, weusi mkubwa na rangi kali, vyote pamoja. Kioo kibovu kitashindwa na kimojawapo. Ama mikunjo ya kanzu itapotea na kanzu itakuwa kama bati jeupe, ama mashavu na ndevu za bwana zitakuwa doa moja jeusi lisilo na umbo. Mfanyakazi asipoviona vitu hivyo kwenye kioo, hawezi kuvitunza.

Jambo hili la ngozi zetu lina historia yake. Katika siku za filamu, maabara nyingi za Amerika Kaskazini zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ambayo mafundi waliita Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa, na watu weusi wakatoka walivyotoka. Kampuni ya Kodak ilitengeneza baadaye filamu zilizoshika rangi za kahawia vizuri zaidi, na inasimuliwa kwamba waliolalamika kwa nguvu ni wenye viwanda vya chokoleti na vya samani, kwa kuwa bidhaa zao hazikuonekana vyema katika matangazo. Mpaka leo dukani muuzaji atakuwashia kioo chenye picha ya maua na samaki wa baharini. Usihukumu kwa hiyo. Nenda na picha yako mwenyewe kwenye flashi, picha ya watu wetu ambayo unaijua, na ambayo umeshaiona imechapwa vizuri.

Ukishaifungua, usisimame mahali pamoja. Sogeza kichwa kushoto na kulia, kisha inama na inuka. Vioo hivi viko vya namna tatu zaidi, navyo vinajulikana kwa herufi: TN, VA na IPS. Kioo cha TN ndicho rahisi kwa bei. Ukiinama, uso wa mtu hubadilika rangi, na ukitazama kutoka chini picha hugeuka kama negativu. Hicho kwa kazi ya picha kikataeni moja kwa moja. Kioo cha VA kina weusi mzito, wastani wa mwanga na giza lake hufika 3000 kwa 1, nacho ni kizuri kwa kutazama sinema, ila vivuli vyake hubadilika unapokitazama kwa pembeni. Kioo cha IPS wastani wake ni kama 1000 kwa 1 tu, lakini rangi yake haihami ukikitazama kutoka pembeni. Kwetu sisi ambao fundi, mteja na shangazi wa bibi harusi wote huinama mbele ya kioo kimoja na kila mmoja ana neno lake, IPS ndiyo ya kununua. Siku hizi vipo pia vya OLED, vyenye weusi kamili, lakini bei yake ni kubwa, na kitu kinachokaa mahali pamoja siku nzima, kama zile safu za vitufe vya programu ya picha, kinaweza kuacha alama ya kudumu.

RANGI NGAPI?

Mwaka 1996 kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft zilitoa kipimo cha rangi kiitwacho sRGB ili vioo, kamera na mashine za kuchapa vielewane. Ni kama debe la sokoni: wote wakipimia debe moja hakuna ugomvi. Maabara nyingi za picha hupokea kazi kwa kipimo hicho. Kwa hiyo katika karatasi ya kioo tafuteni maneno yanayosema kioo kinafikia asilimia 99 au 100 ya sRGB.

Jihadharini na hesabu nyingine. Wauzaji wengine huandika asilimia ya NTSC, ambacho ni kipimo cha zamani cha televisheni ya Marekani cha mwaka 1953. Kioo kilichoandikwa asilimia 72 ya NTSC kwa ukubwa ni karibu sawa na sRGB nzima, hicho chaweza kufaa. Kilichoandikwa asilimia 45 ya NTSC kinazidi kidogo tu asilimia 60 ya sRGB. Kompyuta nyingi za mkononi za bei nafuu zina kioo cha namna hii, na ndiyo maana gomesi nyekundu humo huonekana kama imefuliwa mara mia. Mfanyakazi huongeza wekundu ili imridhishe, na karatasi inatoka kama moto.

Kipo kipimo kipana zaidi, Adobe RGB cha mwaka 1998. Huyu muuzaji atakusifia sana. Kina faida kwa studio yenye mashine yake ya kuchapa ya wino wa rangi nyingi. Kwa studio inayopeleka kazi maabara kwa sRGB ni fedha ya bure, na kisipowekwa sawasawa huleta matatizo, maana programu zisizojua kusimamia rangi zitaonyesha nyuso zote kama zimepakwa mafuta ya mawese. Ukikuta kioo kipana cha bei nzuri, hakikisha kina kitufe cha kukirudisha katika sRGB.

Jambo lingine ni biti. Kioo cha biti 8 huonyesha ngazi 256 za kila rangi moja kati ya zile tatu, nyekundu, kijani na buluu, na kwa kuzichanganya unapata rangi milioni 16 na zaidi. Vya bei ya chini vingine ni vya biti 6, yaani ngazi 64 tu, na hujazia pengo kwa kupepesa ngazi mbili upesi upesi. Tazama picha ya anga la jioni juu ya ziwa: ikiwa unaona mistari kama ya ngazi badala ya rangi kuyeyuka taratibu, acha. Vya biti 10 vipo, ngazi 1024, ni vizuri, lakini havina haraka kwetu.

Kisha weka ukurasa wa kijivu kitupu ujaze kioo chote. Pembe zisiwe nyeusi kuliko katikati, wala upande mmoja usiwe wa manjano. Jaribio hili ni la lazima kwa vioo vya mtumba, vile vinavyoletwa kutoka maofisi ya Ulaya na Dubai. Mimi siwakatazi vya mtumba. Kioo cha IPS cha ofisi kilichotunzwa hushinda kipya cha TN. Ila vile vya zamani zaidi, vilivyotengenezwa kwa taa za mirija, taa zake huchoka, weupe ukawa manjano, na hilo halitengenezeki kwa kitufe. Msitegemee jina la kampuni pekee. Dell wana UltraSharp, ASUS wana ProArt, EIZO wana ColorEdge, na hizo ni safu zilizokusudiwa watu wanaojali rangi. Lakini kampuni kubwa hizo nyingine huuza pia vioo vya kuandikia barua tu, na jina mbele ni lile lile.

Ukubwa nisiupigie maneno mengi. Inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080, au bora 1920 kwa 1200, yatosha studio ndogo. Ukitaka inchi 27 chukua ya 2560 kwa 1440, maana inchi 27 ikiwa na zile 1920 kwa 1080 ina pikseli kama 82 tu kwa inchi, nywele na nakshi huonekana zimekatikakatika. Ile ya 3840 kwa 2160 ni safi sana, lakini inaitaka kompyuta yenye nguvu, na tajiri aliyeshindwa kununua kioo hatanunua na kompyuta. Kasi ya 144 na 165, umbo la kupinda, maandishi ya HDR katika kioo cha bei nafuu, na wastani wa mamilioni kwa moja: hayo yote ni ya wacheza michezo na wapambaji wa maboksi.

KIFAA CHA KUPIMIA

Hata kioo kizuri huhama rangi jinsi kinavyozeeka. Kwa hiyo kazi ya picha inahitaji kifaa kidogo cha kupimia rangi, kinachowekwa juu ya kioo na kuunganishwa na kompyuta. Vinavyojulikana ni Spyder za Datacolor na vile vya Calibrite. Washa kioo nusu saa kwanza kipate joto. Kisha chagua weupe wa 6500, gama ya 2.2, na mwanga wa kandela 100 au karibu na hapo. Kifaa huhesabu chenyewe na kuiachia kompyuta faili la kusahihisha. Rudia kila mwezi. Tofauti ya rangi huandikwa kwa alama iitwayo Delta E. Ikiwa chini ya 2, macho ya kawaida hayaitambui kwa urahisi.

Chumba nacho kina sehemu yake. Vibanda vyetu vingi vimepakwa rangi za kampuni za simu, nyekundu hapa, manjano pale, na mlango uko wazi jua linaingia. Macho hudanganywa na ukuta. Pakeni kijivu au nyeupe iliyofifia upande anaokaa mfanyakazi, na kioo kisielekee mlango wala kisiupe mlango mgongo.

MACHO NA SHINGO ZETU

Wako wanaodhani kioo cha kompyuta si jambo la chama. Nchini Uswidi, shirikisho la wafanyakazi wa maofisini liitwalo TCO lilianza kuvishughulikia vioo katika miaka ya 1980, wafanyakazi walipolalamika juu ya vile vioo vizito vya bomba na mionzi yake. Mwaka 1992 likatoa alama yake, TCO'92, na watengenezaji wa dunia nzima wakalazimika kuifuata kwa kuwa wanunuzi waliidai. Alama hiyo ingalipo, na sasa inaangalia pia hali za wafanyakazi katika viwanda vinavyotengeneza. Tazama nyuma au pembeni mwa kioo cha mtumba, mara nyingi utaikuta. Haikuhakikishii kwamba rangi zinafaa kwa kazi ya picha, hayo utayapima mwenyewe kama nilivyoeleza, lakini inaonyesha kwamba kioo kilipimwa kwa ajili ya mwili wa anayekitumia.

Katika Jumuiya ya Ulaya amri namba 90/270 ya mwaka 1990 iliwataka waajiri wapange mapumziko au mabadiliko ya kazi kwa wanaokaa mbele ya vioo, na wawapimie macho. Hapa kwetu tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomtaka mwajiri aweke mahali pa kazi pasipodhuru. Kwa hiyo tukidai kioo chenye mguu wa kupanda na kushuka hatuombi fadhili. Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho au chini kidogo, na kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa. Mguu usipopanda, weka rimu mbili za karatasi chini yake. Na kila dakika 20 inua macho utazame mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Msimu wa harusi wengine hukaa saa 12 bila kuinua kichwa, na kufika miaka 40 wanatafuta miwani.

YA KUDAI

Tunapendekeza matawi yalete mambo matatu mezani katika mazungumzo ya mwaka huu. Kwanza, kioo ni chombo cha kazi, kinunuliwe na mwajiri, na mfanyakazi anayekitumia awepo dukani siku ya kukinunua. Pili, picha ikikataliwa, kioo kipimwe kwanza kabla ya mtu yeyote kutajwa kwa makato. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 95 wa mwaka 1949, kifungu cha 8, unaruhusu makato ya mshahara kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mkataba wa pamoja au uamuzi wa usuluhishi tu, na mfanyakazi aarifiwe. Hasira ya tajiri haimo katika orodha hiyo.

Tatu ni kifaa cha kupimia. Studio moja kukinunua kwa kazi ya nusu saa kwa mwezi ni ghali, na wengi watakataa. Basi tawi linunue kimoja kwa michango, kizunguke studio kwa studio kwa zamu. Kikae kwa katibu wa tawi, na kila kipimo kiandikwe daftarini: jina la studio, tarehe, mwanga uliokutwa na Delta E iliyokutwa kabla ya kusahihisha. Daftari hilo litunzwe vizuri, maana ndilo tutakalolifungua siku tajiri atakapoleta orodha ya picha zilizoharibika.